Inveta haizai umeme: mazungumzo na wenye boti wa Nungwi

(Niliyasema haya mbele ya manahodha, wenye boti za watalii na mafundi umeme. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, pamoja na maswali machache ya mwisho.)

Assalaam aleikum wazee wangu, manahodha, mabaharia, mafundi wenzangu, na kina mama wenye boti mliokaa mbele. Nimeombwa nizungumze kabla maji hayajajaa, maana yakijaa nusu yenu mtaondoka na wageni. Basi sizunguki.

Boti ya pwani hii iliishi miaka mingi na kandili moja. Leo mgeni anayekwenda Mnemba anataka soda baridi, muziki, na mahali pa kuchaji simu na kamera. Wanaolala baharini njia ya Pemba wanataka na feni. Ndiyo maana karibu kila boti niliyopanda hapa ina betri chini ya benchi na inveta imefungwa ubavuni, mara nyingi karibu na tangi la mafuta, jambo ambalo nitalirudia. Sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu ni mpangilio wa manunuzi. Mtu anaanza na inveta. Anaingia dukani, anaulizwa anataka ya ukubwa gani, anasema elfu tatu, kwa sababu jirani ana elfu mbili. Betri inanunuliwa kwa pesa iliyobaki. Waya unanunuliwa kwa chenji.

Inveta haizai umeme hata chembe. Inachukua umeme wa betri, volti 12, inaugeuza kuwa umeme wa nyumba, volti 230, na katika kugeuza huko inajilipa ushuru: asilimia kumi, kumi na tano, nyingine zaidi. Tena inakula hata pasipokuwa na kitu kilichochomekwa. Inveta kubwa ya wati elfu mbili hivi huweza kuvuta wati 20 kwa kuwashwa tu. Ukiiacha usiku na mchana, hizo ni wati-saa 480, yaani, ukigawanya kwa volti 12, ampea-saa 40 za betri yako zimekwenda kuwasha taa moja ndogo ya kijani. Betri ya ampea-saa 100 ya asidi, ukiitumia kwa adabu, inakupa 50. Kwa hiyo karibu betri nzima imeliwa na inveta isiyofanya kazi yoyote.

Tuanze upande wa pili basi, upande wa matumizi. Chukueni boti inayolala nje na wageni wanane. Friji ya volti 12, ile yenye kompresa ya kutumia betri moja kwa moja, huvuta kama wati 45 inapofanya kazi, na kwa joto letu itafanya kazi nusu ya siku: wati-saa 540. Taa sita za LED za wati 5, saa tano: 150. Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, nusu siku: 70. Simu nane: 120. Kamera na kompyuta: 100. Feni tatu ndogo za volti 12, saa nane: 190. Muziki wa kistaarabu, saa nne: 120. Jumlisha: wati-saa 1290. Gawanya kwa 12, unapata ampea-saa 107. Tuseme 110, na pampu ya ngama, ya kutoa maji yanayokusanyika chini ya boti, imo humo.

Tazameni hesabu hiyo tena. Ni vitu gani humo vinahitaji inveta? Kompyuta, na labda chaja ya kamera. Simu zinachajiwa kwa soketi ya USB ya volti 12. Friji, feni, taa, redio, vyote vinakula betri moja kwa moja. Boti hiyo inahitaji inveta ya wati 300. Mia tatu! Ukitaka uhuru kidogo weka 600. Elfu tatu ni ya kujionyesha bandarini.

Najua mtakachosema: friji ya nyumbani ni rahisi, ipo dukani kila mahali, na ile ya volti 12 bei yake inauma. Ni kweli. Lakini friji ya nyumbani inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa mgongoni, kwa sekunde moja hivi, na kwa sekunde hiyo unalazimika kununua inveta kubwa. Inveta kubwa inabidi ikae imewashwa saa ishirini na nne kwa sababu ya friji. Mnaziona zile wati-saa 480 zinarudi? Halafu kama inveta ni ya bei ndogo, ile ambayo wimbi lake ni la ngazingazi badala ya kuwa laini, kompresa inanguruma, inapata moto, na inakufa kabla ya siku zake. Mtu aliyekwepa bei ya friji ya volti 12 hulipa tofauti hiyo kwenye betri, kwenye inveta, na kwenye friji ya pili.

Sasa betri. Betri ya asidi ni kitu cha zamani sana, Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mwaka 1859, na tabia yake haijabadilika: haipendi kumalizwa. Ukitaka ikae miaka, usishuke chini ya nusu. Kwa hiyo boti yetu ya ampea-saa 110 inataka benki ya betri ya 220 kwa uchache, na ziwe betri za kutumika polepole, siyo za kuwashia gari. Ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha ijazwe upesi. Ukiitumia kwa friji, miezi michache imekwisha.

Na ile namba ya ubavuni isomeni vizuri. Ampea-saa 100 maana yake ni ampea 5 kwa saa 20. Hakuna aliyekuahidi ampea 50 kwa saa mbili. Mjerumani Peukert alilionyesha hilo mwaka 1897: kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo betri ya asidi inavyokupa kidogo. Ukivuta ampea 50 kutoka betri ya 100, itakuwa tupu kwenye saa moja na robo hivi. Ndiyo sababu mtu mwenye birika la umeme huona betri yake mpya kama ya bandia. Bandia zipo, sikatai, lakini si kila betri inayoshutumiwa ina hatia.

Kipimo cha kutumia ni mita ya kawaida tu. Betri ya asidi iliyopumzika, haivutwi wala haichajiwi, ikionyesha 12.7 imejaa, 12.2 ipo nusu. Chini ya hapo simama. Inveta nyingi hujizima zenyewe kwenye volti 10.5. Hata ukihesabu kwamba volti hushuka mzigo ukiwa juu, hapo ni mbali mno kwa kulala usiku mzima. Anayesubiri kelele ya inveta ili ajue betri imekwisha huwa ameshaiumiza, na kesho atarudia.

Kuna hizi za lithiamu. Nazungumzia lithiamu ya chuma na fosfeti, ile nzito kidogo na tulivu kuliko ya simu. Msikubali ya aina nyingine ndani ya boti. Ya ampea-saa 100 ina kilo kumi na mbili hivi, wakati ya asidi inafika thelathini, na unaweza kutumia asilimia themanini bila kujuta. Boti yetu inatosheka na 150. Kwa joto letu pia ina afueni: betri ya asidi, kila nyuzi kumi zinapoongezeka juu ya 25, umri wake unapungua karibu nusu, na chumba cha mashine hapa kinafika 45 bila kujitahidi. Tusijidanganye lakini, nayo lithiamu haipendi kukaa kwenye oveni hiyo. Iwekeni chini ya benchi penye hewa, mbali na mashine.

Nitakaa kidogo kwenye waya, kwa sababu hapa ndipo boti zinapoungua.

Mwenye boti mmoja aliniita akisema inveta yake mpya ni mbovu. Ukiwasha birika la wati elfu mbili inapiga kelele na kuzima, na aliyemuuzia ameshamwambia abadilishe betri. Nikaweka mita kwenye vichwa vya betri, tukawasha birika: 12.2. Nikahamisha mita, nikashika nyuma ya inveta penyewe, waya zinapoingia: 10.9. Betri ile ile, sekunde ile ile. Volti moja na zaidi imepotelea wapi? Kwenye waya wa milimita mraba 16, mita tatu kwenda na mita tatu kurudi. Birika la wati elfu mbili kwenye volti 12, ukiongeza na ushuru wa inveta, linavuta ampea 190. Kwa waya ule unapoteza volti moja na robo, na volti hizo haziendi peponi: zinageuka wati zaidi ya 230 za joto, ndani ya ubao, nyuma ya magodoro ya wageni. Nikagusa kiungo cha upande wa chanya nikauondoa mkono haraka. Nilipokata gamba la waya, sentimeta chache kutoka kwenye kiungo, shaba ilikuwa ya kijani na nyeusi, chumvi imepanda ndani kama maji kwenye utambi. Kiungo kilikuwa kimebanwa kwa nyundo.

Tukaweka waya wa milimita mraba 70 uliopakwa bati, tukasogeza inveta hadi nusu mita kutoka kwenye betri, viungo vikabanwa kwa mashine ya kubania na kufungwa kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi. Inveta ile ile, betri ile ile, birika likachemka. Kama angekuwa na mfumo wa volti 24, ampea zingekuwa nusu, na kwa boti inayotaka zaidi ya wati elfu mbili mimi siku hizi nakataa kabisa kufunga volti 12.

Halafu fyuzi. Betri ya ampea-saa 200 ikipigwa shoti hutoa ampea maelfu. Spana iliyoangukia vichwa viwili hung'aa nyekundu kabla hujamaliza kusema astaghfirullah. Fyuzi kazi yake ni kulinda waya, siyo inveta, kwa hiyo inakaa mwanzoni mwa waya, kwenye betri. Kanuni za ABYC, wale wa Marekani wanaoandika viwango vya boti ndogo, zinasema ndani ya sentimeta 18 kutoka kwenye betri, isipokuwa waya uwe ndani ya bomba au ala ndipo wanakuongezea. Fyuzi iliyo karibu na inveta inaacha mita tatu za waya bila mlinzi. Na lithiamu inataka fyuzi ya aina T, kwa sababu fyuzi ya gari ya kawaida inaweza kukatika na cheche ikaendelea kupita katikati kama haikukatika.

Nilisema nitarudia tangi la mafuta. Inveta za kawaida hazikutengenezwa kukaa mahali penye mvuke wa petroli. Ndani zina feni na swichi zinazoweza kutoa cheche. Betri ya asidi nayo ikichajiwa hutoa haidrojeni, na hewa ikiwa na asilimia 4 tu ya gesi hiyo, cheche moja inatosha. Basi inveta isifungwe juu ya betri ya asidi ndani ya kisanduku kisichopumua, na vyote viwili viwe juu ya ngama. Maji ya bahari yakiingia kwenye betri ya asidi huzaa klorini, na klorini kwenye kibanda kilichofungwa haikupi muda wa kutafuta mlango.

Mnakumbuka boti ya wazamiaji iliyoungua California, Conception, tarehe 2 Septemba 2019? Usiku wa manane, watu wamelala chini, 34 wakafa. Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha kilichowasha moto. Katika walivyovitaja kuwa vinawezekana ni mfumo wa umeme wa boti na betri za vifaa zilizoachwa zikichajiwa bila mtu wa kuzitazama. Lakini walilolitia lawama waziwazi ni kwamba hapakuwa na zamu ya kutembea usiku. Nalisema hili kwa sababu wageni wetu wanafanya vile vile: simu, kamera, taa za kuzamia, droni, zote zimerundikwa kwenye soketi moja ya upanuzi juu ya mto, na baharia amelala. Chaji ifanyike mchana. Ikibidi usiku, iwe juu ya bati au kauri, mtu macho.

Umeme wa nyumba ndani ya boti ni jambo jingine la kuheshimu. Inveta nyingi za bei nafuu hazikuunganisha nyutro na waya wa ardhi, na hapo hata ukiweka ile breka ya miliampea 30 inayokata umeme ukivuja, haitakata. Ipo kwa mapambo. Inveta iwe ya kufungwa kwenye boti, yenye kuunganisha nyutro na ardhi inapofanya kazi yenyewe, na kuachia muungano huo unapochomeka umeme wa gatini. Na kati ya umeme wa gatini na wa inveta kuwe na swichi ya kugeuza, mmoja au mwingine, kamwe vyote viwili. Tuna watu wanaoogelea kando ya boti zetu. Wenzetu wa ziwani wana hatari kubwa zaidi, kwa sababu kwenye maji baridi yasiyo na chumvi umeme unaovuja hupenda kupita mwilini mwa binadamu kuliko kwenye maji yanayomzunguka.

Kuhusu kuchaji nitapita haraka. Mashine ya nje ya nguvu-farasi arobaini, hata ikiwa na koili ya kuchajia, hutoa ampea chache tu. Msiitegemee kwa friji. Sola ndiyo rafiki yetu. Kwa jua la saa tano nzuri, paneli ya wati 200 inatupa kama wati-saa 700 baada ya hasara zote, kwa hiyo mbili zinaibeba boti niliyoihesabu. Wakati wa masika haziibebi, hilo mlijue kabla hamjauza safari. Na kivuli cha mlingoti kikilala juu ya paneli, hata kiwe chembamba kama mkono, kinaweza kuangusha uzalishaji wake vibaya sana. Nimeona paneli nzuri zimefungwa chini ya foromali, tanga likishushwa zinalala nalo.

Maswali.

Nahodha wa jahazi lile kubwa ameuliza kama anaweza kuunganisha betri mbili za zamani alizonazo na mbili mpya. Hapana, mzee wangu. Za zamani zitakuwa zinanyonya mpya usiku kucha, na baada ya muda zote nne zitafanana kwa ubovu. Ukiunganisha sambamba, ziwe za aina moja, umri mmoja, na waya wa chanya utoke betri ya kwanza, wa hasi utoke ya mwisho, ili zifanye kazi sawa. Hizo za zamani zitumie nyumbani kwa taa.

Dada mwenye kampuni ya safari za bara aliyetutembelea ameuliza kama haya yanahusu magari yao, Landkruza zenye friji na soketi za kuchajia kamera. Yanahusu, ila nyinyi mna bahati: injini inazunguka mchana kutwa. Shida yenu ni kambini. Na mkitia lithiamu, msiiunganishe moja kwa moja na alteneta, ile inayozungushwa na injini kuchaji betri. Betri hiyo inameza ampea zote inazopewa, alteneta inachemka hadi kuungua. Tena ulinzi wa ndani ya betri ukiamua kukata ghafla gari likiwa linaunguruma, volti zinaruka na daiodi za alteneta zinakwenda. Katikati pakae chaja ya betri kwa betri, ya ampea 30 au 40.

Kijana amesema ana pesa ya kitu kimoja tu mwezi huu, anunue nini. Ana boti ya futi thelathini, betri moja inayowasha mashine na hiyo hiyo inapiga muziki. Nunua betri ya pili, mwanangu, na swichi ya kuzitenga. Ya mashine ibaki ya mashine. Muziki ukiimaliza ya pili, wageni watanung'unika. Ikiisha ya mashine nje ya mwamba na kusi inavuma, utakuwa unatafuta makasia. Ukipata tena, nunua waya mnene na fyuzi. Inveta njoo unione baada ya hapo, na uje na karatasi yenye hesabu ya wati-saa zako. Nikiona namba elfu tatu juu ya karatasi hiyo nitaanza kukuuliza unapika nini humo ndani.